Mshono Uliotakiwa Kukatika

Ninyi mnaobaki kwenye meza ndefu mmeniomba niandike kabla sijasahau. Sijasahau kitu, ila najua nikisimulia kwa mdomo mtachukua vichekesho tu na kuiacha kazi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu watatu kati yenu mmetoka upande wetu wa Kivu na Kigoma, na wa nne, aliyezaliwa hapa Johannesburg, anaelewa kila neno ingawa hujibu kwa Kizulu. Mkishindwa kuusoma mwandiko wangu, ulizaneni. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyeo sikupata, na mshahara mnaujua, ni huohuo wenu.

Mpaka mwaka 2015 nilikuwa fundi cherehani wa kawaida, Mama Zawadi wa ghorofa ya tatu, kule Joubert Park. Nilishona sare za kwaya na sketi za shule, na magauni ya harusi kwa wale walioharakishwa na mambo. Cherehani nilijifunza Bukavu nikiwa msichana, na sifa yangu ilikuwa moja tu: nguo yangu huchakaa kitambaa kabla mshono haujaachia. Nilijivunia jambo hilo kuliko inavyompasa Mkristo.

Siku moja akaja mwanamume mrefu aliyekuwa akitokwa jasho kwa ngazi, lifti ikiwa imekufa kama kawaida yake. Alikuwa Hendrik, mhandisi. Muuza mahema wa mjini ndiye aliyemwelekeza kwangu. Alinipa vipande viwili vya mkanda mpana mgumu, akaniomba niviunganishe visiachane. Nilishona kwa dakika chache, tukashuka barabarani. Akafunga ncha moja kwenye pikapu yake na nyingine kwenye gari la rafiki yake, akakanyaga mafuta. Mkanda ulishika. Kilichong'oka ni bampa la rafiki. Hendrik aliutazama mshono kwa muda mrefu, akaniuliza kama ninaweza kuanza Jumatatu.

Jumatatu hiyo nilifika karakana, pale kwenye uwanja mdogo wa ndege mashariki ya jiji. Nilidhani nitashona viti. Hendrik akanieleza taratibu. Walikuwa wakiunda ndege ndogo mpya ambayo hakuna aliyewahi kuirusha. Kazi ya rubani wa majaribio ni kuirusha na kutafuta mahali itakapokataa, na kazi ya chumba chetu ni kuhakikisha kwamba siku itakapokataa, yeye anatoka. Ndege yenyewe haikuwa na kiti cha kumrusha rubani kwa baruti kama ndege za vita. Rubani alitakiwa avute mpini kifuniko cha kioo kiruke, afungue mikanda kwa kuzungusha kitufe kimoja, ajitupe nje, kisha afungue parachuti. Mambo manne tu, na kila moja lina njia zake za kukataa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumshona mtu mgongo. Mtu mwenyewe alikuwa Malume, yaani Mjomba, sanamu la turubai lililojazwa mchanga, lenye uzito wa rubani aliyeshiba. Walimtupa kutoka angani kila walipotaka kujua jambo, naye hakuwahi kulalamika. Mmemkuta na viraka arobaini na kitu. Viraka vya mgongoni ni vyangu, na mtaona jinsi vilivyonyooka.

Aliyenifundisha kazi ni Ntate Mokoena, yaani Baba Mokoena, mzee aliyekunja parachuti tangu ujana wake. Yeye aliongea Kisotho na Kiingereza, mimi Kiswahili na Kifaransa, na baada ya mwezi tukawa na lugha yetu ambayo wengine hawakuihitaji. Alinifundisha kwamba vifaa vilivyo mezani ni saba kabla ya kukunja na lazima viwe saba baada ya kukunja, kwa kuwa ndoana moja ikisahaulika ndani ya parachuti ni sawa na kumkunjia mtu kaburi lake. Siku moja nikahesabu sita. Nikaifumua kazi ya asubuhi nzima, kamba kwa kamba. Ntate Mokoena alikaa akinywa chai yake mpaka nilipomaliza, ndipo akanyoosha mkono akachomoa ndoana kwenye nywele zangu.

"Uliiona tangu mwanzo?" nikamwuliza.

"Niliiona."

"Na ukanyamaza?"

"Sasa hutasahau tena," akasema, akaiweka mezani pamoja na wenzake.

Nilimkasirikia mpaka Ijumaa. Sijasahau tena.

Yeye ndiye pia aliyenifundisha kwamba parachuti haichukuliwi kwenye rafu. Rubani huja kuipokea mkononi mwa aliyeikunja, wanaangaliana, na mkunjaji huuliza kama mwenzake amekula. Wageni huona ni adabu za kizee. Lakini mkiisha kumwuliza mtu kama amekula, hamwezi kukunja vibaya kesho yake. Msiache jambo hilo hata wakiwaletea mashine ya kukunja.

Halafu kuna utepe mwekundu. Huu mnaujua, lakini hamjui uzito wake mpaka uwe mkononi mwenu. Mtu yeyote wa karakana, awe mhandisi au mfagiaji, akiona jambo lisilomkaa sawa anaruhusiwa kuufunga kwenye usukani wa ndege, na ndege hairuki. Hakuna anayeufungua ila mkono uliofunga. Tena ni mwiko kumfokea aliyefunga mpaka chai ya saa nne ipite. Mfagiaji aliwahi kuufunga kwa sababu ya paka aliyekuwa amelala ndani ya injini. Alichekwa wiki nzima, lakini paka alitolewa na ndege ikaruka kesho yake. Mimi kwa miaka yangu mitatu ya kwanza sikuugusa. Nilijiambia ni kwa kuwa kila kitu kilikuwa sawa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mgeni mwenye karatasi za kusubiri kugongwa muhuri hapendi kusimamisha ndege ya watu.

Miaka hiyo tulijaribu kila kitu. Kifuniko cha kioo tulikipulizia upepo wa feni kubwa kuliko mlango, tukavuta mpini, na mara ya kwanza kikaruka vizuri sana mpaka juu ya pikapu ya Hendrik. Malume tulimtupa juu ya mashamba ya mahindi, na mama mmoja akapiga simu polisi kwamba mtu ameanguka kutoka mbinguni na hasogei. Eish, siku ile tulieleza mpaka jioni. Polisi mmoja alitaka kujua marehemu ni raia wa nchi gani.

Rubani wetu alikuwa Mutua, Mkenya aliyekuja Johannesburg na mke na binti wawili. Alikuwa mtu wa maneno machache na soksi za rangi kali. Tulimfanyisha mazoezi ya kutoka mpaka akayaota usingizini. Ndege imesimama karakanani, yeye amefungwa ndani na kofia yake na parachuti mgongoni, Hendrik ameshika saa. "Toka!" Naye anazungusha kitufe, anasimama, anajitupa juu ya godoro. Kila mwezi alitoka haraka zaidi. Mimi nilikuwa nikimpigia makofi kama shangazi kwenye mahafali.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Mwaka 2018, wakati wa baridi, lilibaki jaribio moja kubwa: kuiacha ndege izunguke kama pia ya watoto huku ikishuka, kisha kuona kama inakubali kunyooka. Kwenye mizunguko midogo ya kwanza Mutua alilalamika juu ya waya. Kutoka kwenye kofia yake ulishuka waya uliobeba sauti yake mpaka kwenye kinasa na redio ya ndege, na ndege ilipozunguka, waya ulimchapa mkononi. Hendrik akaja mezani kwangu.

"Mama, mshonee kitanzi kifuani, kiushike huo waya usicheze."

Nikakishona. Nilitumia ule uzi wa nailoni wa mikanda ya parachuti, nikapiga mraba na msalaba ndani yake, nikarudia mara mbili. Mutua alipokiona alicheka.

"Mama, hii ni ya kufunga ng'ombe."

"Weye ruka tu," nikamwambia. "Ile kitu haitatoka hata siku ya kiama."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, nikifurahi.

Asubuhi ya jaribio kubwa watu walikuwa wamejaa. Wenye kutoa fedha za mradi walikuja kutoka mbali, wamevaa makoti mazito, wanapewa kahawa. Mutua akaja kupokea parachuti. Nikamwuliza kama amekula, akasema amekula uji na nusu ya mkate. Akaanza kujiweka tayari mbele yangu: akapitisha kwenye kitanzi changu kipande cha waya kitakachofungwa kwenye ndege, akakiunganisha kwa plagi na waya wa kofia, akavuta kidogo kuona kama umeshika. Plagi ilikwama juu ya kitanzi, nene kuliko tundu. Ikashika vizuri kabisa.

Nikaiangalia ile plagi, nikainama kuiona vizuri.

"Kapteni," nikasema, "kwenye mazoezi ya kutoka, hii waya ilikuwaga ndani?"

"Waya? Hapana. Hendrik huitoa kwanza. Hiyo plagi hutoka ng'ambo, ikivunjika ni kungoja wiki sita."

"Hata siku moja haikuwa ndani?"

"Hata siku moja. Kwani?"

Nikamwambia naja. Nikaenda kusimama nyuma ya kabati la kamba. Miaka mitatu tulikuwa tumempima Mutua akitoka kwenye ndege ambayo hajafungwa nayo. Tuliuchomoa waya kwa kuionea huruma plagi. Kabla ya kitanzi haikuwa na neno, kwa kuwa waya ukivutwa moja kwa moja plagi huachia yenyewe. Lakini sasa kitanzi kilikuwa kimeizuia isiachie. Siku atakayojitupa nje, waya utavutika, plagi itakwama, na mshono hautakatika. Rubani alikuwa amefungwa kifuani kwenye ndege yake, na aliyemfunga ni mimi. Malume asingeweza kutuonyesha, kwa kuwa Malume hana la kusema na hakuna aliyewahi kumvika kofia yenye waya.

Nitawaambia na aibu yangu. Mkasi ulikuwa mfukoni. Niliwaza nirudi, nijifanye nanyoosha kola, nikikate kitanzi kimyakimya. Hakuna ambaye angejua kwamba fundi wa mishono isiyoachia alikuwa karibu kumuua mtu kwa mshono usioachia. Kilichonizuia si uadilifu. Niliukumbuka waya ukimchapa mkono, nikajua kwamba safari hii, kwenye mzunguko mkubwa, ungeweza kujisokota kwenye usukani. Kukata peke yake kungemponya na hili na kumwachia lile. Ilibidi waelewe wote.

Nikachukua utepe kwenye msumari wake. Nikapita katikati ya wale wageni wenye kahawa, nikapanda ngazi ya ndege, nikaufunga kwenye usukani. Niliufunga mafundo mawili.

Hendrik alikuja mbio, uso mwekundu.

"Mama Zawadi. Leo? Katika siku zote, leo?"

"Saa nne bado haijafika," nikamkumbusha.

Akavuta pumzi. "Basi niambie."

"Kosa ni yangu. Mufunge mule ndani na waya yake, halafu mwambie atoke."

"Plagi itavunjika."

"Ivunjike."

Ntate Mokoena, ambaye kwa wakati huo alikuja siku mbili tu kwa wiki, alikuwa ameshaanza kuburuta godoro. Mutua akaingia, akafungwa, waya ukapita kwenye kitanzi, plagi ikaunganishwa. Wageni wakasogea na vikombe vyao.

"Toka!"

Mutua akazungusha kitufe, akainuka haraka kama kawaida yake, akajitupa. Kisha akarudishwa. Alivutwa kifuani akaning'inia, kichwa na mikono nje, miguu ndani, akipapasa kutafuta kilichomshika. Alivuta mara moja, mara mbili, kwa nguvu zake zote. Kitanzi changu hakikutetereka hata uzi mmoja. Mwishowe nilipanda nikakikata kwa mkasi, akaangukia godoro.

Hendrik akatoka nje, akasimama na mgongo wake kwetu. Aliporudi macho yake yalikuwa yamebadilika. Nilingoja aniambie nikusanye vitu vyangu.

"Waya nilikuwa naitoa mimi," akasema. "Mama alishona alichoambiwa. Mimi nilijaribu nilichotaka kukiona." Kisha akanigeukia. "Sasa nahitaji ushone vibaya. Kitanzi kishike wakati ndege inazunguka, kikatike wakati mtu anatoka. Unaweza?"

Jamani, katika maisha yangu sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Kushona imara ni rahisi, unarudia tu. Kushona kitu kikatike pale pale unapotaka, si kabla na si baada, hakuna aliyenifundisha. Mimi na Ntate Mokoena tulikwenda mjini kwenye maduka ya jumla tukanunua nyuzi za kila aina, pamoja na mzani wa kuning'iniza nyama. Tuliutundika kwenye boriti. Tulishona kitanzi, tukavuta, tukasoma, tukashona tena. Nailoni ilikataa kukatika. Hariri ya bandia ilikatika kwa kupiga chafya. Mwishowe ulioshinda ni uzi wa pamba wa kupindia sketi za shule, mishono mitatu mikubwa ya mkono, iliyokaa ovyo kama kazi ya mtoto. Mkono wangu ulikuwa unakataa. Kila mara uliongeza wa nne wenyewe, na Ntate Mokoena akanigonga vidole kwa rula.

Tulimvika Malume kofia na waya, tukamchomoa ndani ya ndege kwa winchi mpaka mgongo ukafumuka tena. Kisha Mutua mwenyewe, mara nyingi, plagi ikiwa ndani. Hakuna tena aliyeihurumia. Ilivunjika moja, tukangoja wiki sita, tukavaa masweta.

Siku ya kurudia jaribio hawakuja wageni. Mutua alipokea parachuti mkononi mwangu, amekula mayai. Nilikagua mishono yangu mitatu mibaya, nikaona haya kama kwamba amevaa nguo yangu ya ndani hadharani. Akaruka.

Sisi tulikaa ndani ya kontena la mawasiliano, lile lenye kompyuta na spika. Kwenye kioo cha kompyuta mstari mmoja ulionyesha urefu wa ndege kutoka ardhini, na mwingine sauti ya rubani, ukirukaruka alipoongea. Tulimsikia akisema anaanza kuzunguka. Akahesabu mizunguko. Akasema anajaribu kuinyoosha. Akasema haikubali. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuagiza chai.

"Inakataa. Najaribu tena."

Mstari wa urefu ulikuwa unashuka.

"Inakataa. Nje."

Tukasikia mlipuko wa upepo, kifuniko kimeruka, kelele ile ikijaza kontena zima. Halafu, kama mtu aliyefunga mlango, kimya. Mstari wa sauti ukalala chini kabisa.

Hendrik akashika kichwa kwa mikono miwili. Alianza kusema, "Mungu wangu, tumempoteza," na sikumwacha amalize. Nilikuwa naangalia mstari wa pili. Ulikuwa bado unashuka.

"Ndege bado inaongea," nikasema kwa sauti iliyonishangaza. "Angalia! Ndege bado inaongea. Yeye ndiye amenyamaza. Plagi imeachia. Ametoka! Ametoka!"

Ntate Mokoena alikaa chini sakafuni, palepale kwenye nyaya. Mimi nililia bila kujificha, nikapiga kelele za Kibukavu ambazo hakuna aliyezielewa na kila mtu akazielewa. Bado hatukujua kama parachuti ilifunguka. Lakini ile niliikunja mimi na vifaa vyangu vilikuwa saba, na kwa hilo sikuwa na shaka.

Baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko mimba, simu ililia. Mkulima mmoja alisema ana mtu wetu jikoni kwake, kifundo cha mguu kimevimba, soksi za njano, anaomba chai na sukari nyingi.

Jioni nilimtembelea hospitali. Mke wake alikuwepo na wale mabinti wawili, mmoja amelala miguuni pake kwenye shuka, wa pili anakula chakula cha mgonjwa. Mke wake alinishika mikono yote miwili na hakuiachia. Nilikaa kitandani bila kukaribishwa, nikamwuliza Mutua swali lililokuwa limenikaba siku nzima.

"Niambie ukweli. Pale ulipojitupa, kifuani ulisikia nini? Kilikuvuta? Kwa nguvu, ama kidogo?"

Alifikiri. Alitazama dari kwa makini kama anayesoma vipimo.

"Mama, hakuna kitu nilisikia. Kabisa. Nilisimama nikaenda." Akanigeukia kwa wasiwasi kidogo, kama mtu anayeogopa kuudhi. "Hata nilifikiria labda leo ulisahau kuishona."

Nimeshona miaka arobaini, nimesifiwa na maharusi na maaskofu, lakini sifa kama ile sijapata. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha, nikamwomba mke wa Mutua kikombe cha maji.